SIKU YA KWANZA KWA DAKTARI BINGWA
Somo kwa wenye kisukari na wale wanaowauguza



Mara nyingi baada ya ibada watu hutujia chini ya mwembe wa kanisa, wakatuonyesha karatasi iliyokunjwa mara nne na kutuuliza, "Mwalimu, barua hii yasema niende hospitali kubwa nikaonane na bingwa wa kisukari. Je, huko watanifanya nini?" Hutuuliza sisi, ambao si waganga, kwa sababu wanajua ya kuwa njia hiyo tumekwisha kuipita. Mwenzetu wa nyumbani alipatikana na kisukari mwaka 2018, na mwaka 2019 tulimpeleka kwa daktari bingwa kwa mara ya kwanza. Tangu siku ile tumekwenda mara nyingi, hata mlinzi wa lango hutusalimu kwa jina.

Tumeona yafaa kuyaandika yale tuliyojifunza, ili kila mwenye barua kama hiyo ajue mbele yake kuna nini. Wako katika mtaa wetu waliopewa barua za namna hii wakazificha chini ya godoro. Mmoja wao aliiweka ya kwake zaidi ya mwaka. Siku alipofika hospitali alifika kwa gari la wagonjwa, naye alirudi nyumbani bila mguu wa kulia. Hakuwa mjinga wala mkaidi. Alikiogopa asichokijua. Somo hili limekusudiwa kuipunguza hofu hiyo.

1. UGONJWA HUU NI WA NAMNA GANI

Chakula tulacho, hasa ugali, wali, mihogo, ndizi na mkate, hugeuka kuwa sukari ndani ya tumbo, na sukari hiyo huingia katika damu. Ili itoke katika damu na kutumiwa na mwili kama kuni zinavyotumiwa jikoni, inahitaji kitu kiitwacho insulini. Insulini hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Insulini ni mfano wa ufunguo: bila huo mlango haufunguki, nayo sukari hubaki nje katika damu ikizidi kujaa.

Kuna aina mbili kubwa za kisukari. Katika aina ya kwanza, ambayo mara nyingi huanza utotoni au ujanani, kongosho huacha kabisa kutengeneza insulini, na mgonjwa hana budi kuchomwa sindano za insulini siku zote. Katika aina ya pili, ambayo huwapata zaidi watu wazima, ufunguo upo lakini kitasa kimekuwa kigumu, na baadaye hata funguo zenyewe hupungua. Hii ndiyo aina aliyo nayo mwenzetu, na ndiyo iliyo nyingi.

Wazee wetu hawakuijua sana. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walichapisha utafiti walioufanya katika vijiji vya Tanzania, nao walikuta takriban mtu mzima mmoja katika mia mwenye kisukari. Upimaji uliofanywa nchini mwaka 2012 ulikuta takriban watu 9 katika kila 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64. Basi msomaji asidhani kwamba ugonjwa huu ni wa matajiri wa mjini. Umekwisha kuingia katika nyumba zetu, nao hukaa kimya kwa miaka mingi kabla ya kujionyesha.

2. KWA NINI UNAPELEKWA KWA BINGWA

Watu wengi wakisikia neno "rufaa" hudhani ya kuwa waganga wa karibu wamekata tamaa. Sivyo. Katika nchi yetu matibabu yamepangwa ngazi kwa ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya mkoa, kisha hospitali za kanda na za taifa. Kila ngazi ina vyombo vyake na watu wake. Mganga wa kituo cha afya akiona sukari haishuki ingawa mgonjwa amepewa dawa, au akiona dalili machoni, miguuni au katika figo, humpandisha ngazi. Baada ya bingwa kumpima na kumpangia dawa, mara nyingi mgonjwa hurudishwa kwa mganga yule yule wa karibu, aendelee kumwangalia.

Daktari bingwa naye ni daktari kama wengine, ila ameongeza miaka ya masomo juu ya magonjwa ya fungu moja. Kwa hiyo ataona yale ambayo mwingine huenda akayapita. Lakini hawezi kuyaona yale unayomficha. Jambo hili tutalirudia hapa chini, kwa maana ndilo lililotupata sisi.

3. MAANDALIO YA NYUMBANI

Siku mbili tatu kabla ya safari, kusanya vitu hivi na kuvitia katika mfuko mmoja:

(a) Barua ya rufaa, na kadi ya bima kwa aliye nayo. Asiye na bima na aulize mapema gharama za kumwona daktari na za vipimo, asije akakwama dirishani.

(b) Daftari zote za matibabu ya zamani, hata zile zilizoliwa na mende, pamoja na majibu yote ya maabara.

(c) Dawa zote unazotumia, katika pakiti zake. Usiseme tu "vile vidonge vyeupe", maana vidonge vyeupe ni vingi mno. Weka na dawa za presha, za maumivu ya viungo na za tumbo. Weka na dawa za miti shamba, au andika jina la mti na kiasi unachokunywa. Baadhi ya dawa hizo hushusha sukari, na baadhi huweza kudhuru figo. Daktari asipojua kwamba unazinywa, hesabu yake yote itakosea.

(d) Karatasi yenye majibu ya maswali haya: Dalili zilianza lini? Nani katika ukoo ana kisukari, presha au ugonjwa wa figo? Umewahi kulazwa au kupasuliwa? Akina mama waandike pia kama walipata sukari wakati wa ujauzito, au kama walizaa mtoto mwenye uzito wa kilo 4 au zaidi. Mwenye siko seli aandike, kwa sababu huo huweza kupotosha kipimo kimoja tutakachokitaja.

(e) Kama una mashine ya kupimia sukari nyumbani, andika vipimo vya juma moja au mawili, pamoja na saa uliyopima na kama ulikuwa umekula.

(f) Maswali yako mwenyewe, yasiyozidi matatu au manne, lile kubwa likiwa la kwanza. Mbele ya daktari akili hukimbia. Sisi wenyewe tuliingia na maswali sita kichwani tukatoka na moja.

Tafuta pia mtu wa kufuatana naye. Masikio mawili hayatoshi siku ile. Tena, ukitiwa dawa ya macho, utakuwa huoni vizuri kwa saa kadhaa, nawe utahitaji wa kukushika mkono mpaka stendi.

4. ASUBUHI YA SAFARI

Baadhi ya vipimo hutaka mgonjwa awe hajala kwa muda wa saa 8 au zaidi. Vingine havihitaji hivyo. Uliza wakati unapopangiwa siku, wala usikisie. Ukiambiwa ufunge, maji matupu yaruhusiwa, ila si chai wala soda.

Hapa pana hatari moja ambayo twaomba ishikwe sana. Mtu anayetumia insulini, au vidonge vinavyosukuma kongosho kama glibenklamaidi, akimeza dawa yake ya asubuhi kisha asile, sukari yake huweza kushuka vibaya akiwa bado garini. Kwa hiyo uulize mapema: "Siku hiyo nitumie dawa au nisitumie mpaka nimekwisha kutolewa damu?" Chukua chakula mfukoni ukile mara baada ya kutolewa damu, na chukua sukari kidogo iliyofungwa katika karatasi. Sisi tulibeba makande katika hotipoti na machungwa mawili, nasi tulishukuru.

Vaa nguo yenye mikono mipana ili iwe rahisi kupimwa presha, na viatu vinavyovulika upesi, maana miguu itakaguliwa.

5. KUNGOJA

Tusiwadanganye wasomaji: siku ya kwanza ni ndefu. Utaandikishwa, utalipa au kuonyesha bima, kisha utakaa kwenye benchi. Sisi tulifika saa 1 asubuhi, tukamwona daktari saa 6 na nusu mchana. Kabla ya hapo muuguzi atakupima uzito, urefu, kiuno kwa futi ya cherehani, na presha. Huenda akakutoboa kidole na kuipima sukari papo hapo, akakupa na kichupa cha kutilia mkojo. Jambo hili halina aibu yo yote. Wote walioko pale benchini wamepewa kichupa kama hicho.

Twashauri muda ule usipotezwe kwa kunung'unika. Wagonjwa wa zamani waliokaa benchini wana elimu nyingi. Mzee mmoja aliyekaa karibu nasi ndiye aliyetufundisha namna ya kuitunza insulini pasipo friji: chupa unayoitumia huwekwa ndani ya chungu kidogo, na chungu hicho ndani ya kikubwa chenye mchanga uliolowana, mahali penye kivuli na upepo. Muuguzi alipoulizwa alikubali kwamba ni njia nzuri ya kuikinga na joto, akaongeza kwamba chupa iliyokwisha kufunguliwa kwa kawaida haipaswi kupita majuma 4, na isigandishwe kamwe.

6. CHUMBANI KWA DAKTARI

Daktari aliyetupokea alikuwa dada wa umri wa binti yetu wa pili. Alituamkia, akatukaribisha viti, akaisoma barua yetu yote pasipo haraka. Kisha akaanza kumwuliza mwenzetu: Anaamka usiku mara ngapi kwenda haja ndogo? Ana kiu? Amekonda? Macho yanaona ukungu? Anakula nini asubuhi, mchana na jioni? Anatembea mwendo wa namna gani kwa siku? Analala usingizi?

Nasi tukajibu. Ndiyo, ndugu wasomaji, sisi ndio tuliojibu. Tulikuwa tumeiandika karatasi yetu kwa mwandiko mzuri, na kila swali lililoulizwa tulilidaka kabla mwenzetu hajafumbua kinywa. Daktari akauliza, "Mama, dawa zako unazimezaje?" Tukasema, "Kimoja asubuhi, kimoja jioni, daktari. Hajakosa hata siku moja."

Yule dada akaweka kalamu chini, akasema kwa adabu, "Ahsante sana, mwalimu. Umenisaidia. Sasa naomba nimsikie mama mwenyewe."

Pakawa kimya. Kisha mwenzetu, akiangalia khanga yake, akasema, "Ninakata nusu."

Tangu miezi minne nyuma alikuwa akikikata kila kidonge vipande viwili kwa kisu cha jikoni, ili pakiti ya mwezi mmoja ifike miezi miwili. Daktari akamwuliza sababu. Akasema, "Nilimwona usiku akihesabu pensheni yake mara mbili mbili. Ada ya mjukuu ilikuwa haijatoka. Nikaona nisimwongezee mzigo."

Daktari akamwuliza kama kuna jingine. Lilikuwapo. Siku moja kaa la moto liliruka kutoka jikoni likamwangukia juu ya mguu. Hakusikia kitu. Aliisikia harufu ya ngozi yake ikiungua kabla ya kusikia maumivu, na maumivu yenyewe hayakuja. Alilifunga lile jeraha kwa kitambaa, akawa anavaa soksi ndani ya nyumba. Sisi tulidhani ni baridi ya mwezi wa saba.

Tumesimama mbele ya ubao kwa miaka 34. Na katika mambo ya kwanza tuliyofundishwa chuo cha ualimu ni hili: mwalimu asimjibie mwanafunzi, maana akimjibia hatajua kamwe mwanafunzi ameelewa nini. Kanuni ile tuliwafundisha walimu wengine, nasi wenyewe tukaisahau siku iliyotupasa zaidi kuikumbuka. Kama daktari asingaliweka kalamu chini, tungalitoka mle chumbani na dawa kali zaidi kwa mtu aliyekuwa akimeza nusu, na mguu wenye jeraha ungalirudi nyumbani ndani ya soksi.

Basi, wewe unayemsindikiza mgonjwa, funga kinywa mpaka uulizwe. Na ukiona inafaa, toka nje kwa dakika chache, kwa sababu kuna maswali ambayo mgonjwa hawezi kuyajibu mbele ya mume, mke au mtoto. Kisukari huweza kupunguza nguvu za mwanamume, nacho humletea mwanamke muwasho wa mara kwa mara. Daktari huyasikia mambo hayo kila siku, wala hayamshangazi.

Nawe mgonjwa, sema kweli. Kama hunywi dawa, sema. Kama unakunywa pombe au kuvuta tumbaku, sema. Kama fedha ndiyo iliyokukwamisha, sema hilo kwanza, maana mara nyingi daktari anajua dawa ya bei nafuu yenye kazi ile ile, iliyoko hata kwenye kituo chako cha afya. Daktari wetu hakumkaripia mwenzetu. Alimwambia tu, "Mama, ahsante kwa kuniambia. Sasa naweza kukutibu."

7. VIPIMO NA MAANA YAKE

Hakimu hahukumu kwa ushahidi wa mtu mmoja, na daktari vivyo hivyo hutaka mashahidi kadhaa.

Sukari kabla ya kula. Kwa mtu mzima wa afya huwa chini ya 6.1 (milimoli kwa lita). Ikifika 7.0 au zaidi, na ikathibitishwa, huo ni kisukari. Kwa aliyekula, 11.1 au zaidi pamoja na dalili za kiu na kukojoa sana huonyesha vivyo hivyo.

Wastani wa miezi mitatu. Madaktari hukiandika HbA1c. Sukari hujipaka juu ya chembe nyekundu za damu, na kila chembe huishi karibu siku 120. Kwa hiyo kipimo hiki huonyesha jinsi sukari ilivyokuwa kwa miezi miwili au mitatu iliyopita. Hakihitaji kufunga, wala hakidanganywi na mtu aliyejinyima chakula siku tatu kabla ya kliniki. Kuanzia asilimia 6.5 huitwa kisukari. Wagonjwa wengi huwekewa shabaha ya chini ya 7, ila mzee sana au mwenye maradhi mengine huenda akaachiwa juu kidogo, ili sukari isije ikamshuka. Mwenzetu alikuwa na 10.2. Kwa mwenye upungufu wa damu au siko seli kipimo hiki huweza kutoa jibu lisilo sahihi, ndiyo maana tulisema liandikwe.

Figo. Hupimwa kwa damu na kwa mkojo. Figo zikianza kuumia, protini iitwayo albumini huvuja katika mkojo kabla mgonjwa hajasikia dalili yo yote.

Macho. Hutiwa matone ya kupanua mboni, kisha daktari hutazama nyuma ya jicho, kwenye retina, kuona kama mishipa midogo imeharibika. Mabadiliko yakionekana mapema huweza kuzuiwa yasifike kwenye upofu.

Miguu. Daktari huigusa nyayo kwa uzi mgumu wa nailoni huku umefumba macho, nawe husema kila unapousikia. Mwenzetu aliguswa mahali kumi katika mguu wa kushoto, naye alisikia mahali pane. Hapo ndipo tulipoelewa habari ya kaa la moto.

Presha na mafuta ya damu. Presha ya 140/90 au zaidi, ikikutwa mara kwa mara, huhesabiwa kuwa ya juu. Kisukari na presha vikikaa pamoja huumiza moyo na figo upesi zaidi.

Usishangae kama majibu yote hayapatikani siku ile. Huenda ukaambiwa urudi.

8. DAWA NA CHAKULA

Dawa ya kwanza kwa wengi wenye aina ya pili ni metfomini. Huanzishwa kidogo kidogo na kumezwa pamoja na chakula, kwa sababu siku za mwanzo huweza kuvuruga tumbo. Wengi huiacha hapo. Usiiache pasipo kurudi kwa daktari, maana mara nyingi usumbufu huo hupita.

Wengine huambiwa waanze insulini, nao hulia wakidhani ndiyo mwisho. Twawakumbusha historia. Insulini iligunduliwa mwaka 1921 mjini Toronto, Kanada, na Frederick Banting na Charles Best pamoja na wenzao. Mtu wa kwanza kuchomwa, Januari 1922, alikuwa mvulana wa miaka 14 aliyekuwa amebaki ngozi na mifupa. Kabla ya hapo mtoto mwenye aina ya kwanza hakuwa na tumaini. Sindano ile ndiyo iliyofungua mlango wa kuishi.

Kuhusu chakula, daktari hatakunyima ugali wa nyumbani kwako. Atakuambia kiasi. Sisi tulifundishwa kuigawa sahani: nusu iwe mboga kama mchicha, kisamvu au matembele, robo iwe ugali, wali, muhogo au ndizi, na robo iwe maharage, dagaa, samaki, yai au nyama. Chungwa liliwe zima, wala lisikamuliwe, maana maji ya machungwa matatu hunywewa kwa dakika moja, ila kuyala matatu si rahisi. Chai isitiwe sukari. Asali nayo ni sukari, ingawa yatoka mwituni.

9. SUKARI IKISHUKA

Kabla ya kutoka chumbani, hakikisha umefundishwa jambo hili. Sukari ikiwa chini ya 4, mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho la baridi, moyo humwenda mbio, husikia njaa, na mara husema maneno yasiyoeleweka, hata watu wakadhani amelewa. Mpe papo hapo vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari katika maji, au soda yenye sukari. Ngoja dakika 15, pima tena, na kama bado, rudia. Akipata nafuu ale chakula. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu cho chote kinywani. Alazwe ubavu, akimbizwe hospitali.

Twaomba wasimamizi wa ibada na walimu wa shule ya Jumapili wajue hili pia. Na mwenye kisukari atakaye kufunga wakati wa Kwaresima na amwulize daktari wake kwanza, kisha amweleze padre.

10. NENO "MAISHA YOTE"

Mwishoni mwenzetu aliuliza swali lake moja: "Nitazimeza mpaka lini?" Daktari akamjibu waziwazi kwamba ugonjwa huu hutunzwa, na kwamba dawa huenda zikawa za maisha yote. Tulirudi nyumbani hatusemi. Usiku ule mwenzetu alilia, nasi hatukumkataza.

Twalisema hili kwa sababu wengi humaliza siku ile wakiwa na huzuni, wakadhani wanakosa imani. Huzuni hiyo ni ya kawaida, na yafaa umwambie daktari kama haiondoki. Hatari huja pale mtu anapoikimbia kwa kumtafuta anayeahidi kuponya kisukari kwa siku saba, au anayesema kumeza dawa ni kumkosea Mungu. Mtume Paulo alisafiri pamoja na Luka, aliyekuwa tabibu. Naye alipojua kwamba Timotheo huugua mara kwa mara, alimwandikia la kufanya kwa ajili ya tumbo lake. Tuombeane, tena tumeze dawa.

Leo mwenzetu angali anakwenda kliniki. Baada ya miezi sita ya kumeza kidonge kizima, 10.2 ilishuka kufika 7.8. Jeraha la mguu lilipona. Ganzi haikuondoka, kwa hiyo kila jioni tunaitazama miguu yake kwa taa, juu na chini na katikati ya vidole, naye hatembei peku hata chumbani. Pensheni sasa tunaihesabu sote wawili.

MASWALI YA KUJADILIWA NYUMBANI AU KATIKA UMOJA WA AKINA MAMA

1. Taja vitu sita vya kuchukua siku ya kwanza ya kliniki.
2. Kwa nini kipimo cha wastani wa miezi mitatu hakidanganywi kwa kujinyima chakula siku chache?
3. Mgonjwa ametokwa na jasho na kusema ovyo katikati ya ibada. Mtafanya nini? Na kama amezimia?
4. Msindikizaji amsaidieje mgonjwa pasipo kumjibia?
5. Je, nyumbani mwako yupo anayekata kidonge nusu? Utamwulizaje ili asione aibu kukujibu?

Tukijaliwa, katika toleo lijalo tutasoma juu ya utunzaji wa miguu.